Kuchagua Kebo ya Kubadilishia Kwenye Hedifoni Unayoifunga Upya Mwenyewe

Hedifoni nyingi huharibika kebo mapema kuliko spika. Spika hukaa ndani ya kikombe chake bila kuguswa na mtu, ilhali kebo huvutwa, hukanyagwa na magurudumu ya kiti, huzungushwa kwenye simu na kukunjwa mahali palepale kila siku, hadi nyuzi za shaba zinakatika moja baada ya nyingine chini ya ganda ambalo kwa macho linaonekana zima. Mwenye hedifoni nzuri iliyoanza kukatakata sauti upande mmoja hana sababu ya kuitupa, kwa kuwa kazi ya kuifunga kebo mpya iko ndani ya uwezo wa yeyote anayeweza kushika pasi ya kulehemu. Ugumu huwa katika uchaguzi wa kebo yenyewe, kwani maduka yanauza aina nyingi zenye maneno makubwa kwenye maboksi, na machache kati ya maneno hayo yanahusu mambo yatakayoamua kama kazi yako itadumu.

Msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mahitaji ya umeme ya hedifoni ni madogo na yanaweza kupigiwa hesabu kwenye kipande cha karatasi, lakini mahitaji ya umbo, yaani ulaini, unene, uimara wa ganda na urahisi wa kulehemu, ndiyo magumu kutimiza. Anayechagua kwa kutazama umbo kwanza mara nyingi hupata kebo nzuri kwa bei ndogo.

Nitatumia mfano wa Sony MDR-7506, hedifoni iliyoingia sokoni mwaka 1991 na ambayo bado ipo katika studio nyingi za redio na za kurekodia. Ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita, ni omu 63, kebo yake ni ya kujisokota, ina urefu wa takriban mita 3 inapovutwa, huingia kwenye kikombe cha kushoto peke yake, na haichomolewi. Katika maelezo haya kebo ni kamba nzima pamoja na ganda lake la nje, waya ni kila njia ya umeme iliyo ndani ya kebo, na nyuzi ni vinywele vya shaba vinavyounda waya mmoja.

Kabla ya kununua chochote, hakikisha kwamba kebo ndiyo yenye ubovu. Weka multimita, yaani kifaa cha kupimia umeme, kwenye kipimo cha omu, gusa ncha ya pini, ile sehemu ya chuma inayochomekwa kwenye simu au redio, kwa mshale mmoja wa multimita na shina lake kwa mshale wa pili, kisha uhamishe mshale wa kwanza kwenye pete ya kati. Ncha ni njia ya kushoto, pete ya kati ni njia ya kulia, na shina ni njia ya kurudi. Kila upande unapaswa kutoa namba inayokaribia ukinzani ulioandikwa na kiwanda. Huku mishale ikiwa imeshikiliwa, kunja kebo polepole kuanzia kwenye pini hadi kwenye kikombe na uangalie ni wapi namba inaruka. Ikiruka karibu na pini, jambo ambalo ni la kawaida sana, huhitaji kebo mpya. Kata sentimita chache, funga pini mpya, na pesa uliyotenga ibaki mfukoni. Ikiruka katikati ya kebo au kwenye shingo ya kikombe, au ikiwa ganda limeanza kupasuka sehemu nyingi, ndipo uendelee.

Sasa fungua kikombe na uhesabu nyaya, maana idadi yake ndiyo sharti la kwanza la kebo utakayotafuta. Piga picha kabla ya kukata, na uandike ni rangi gani imelehemiwa wapi, hasa upande wa chanya na hasi wa kila spika. Katika hedifoni ambazo kebo huingia upande mmoja, nyaya nyembamba huvuka juu ya kichwa kwenda upande wa pili. Hizo ziache kama zilivyo iwapo zinapitisha umeme vizuri, kwa kuwa kuzibadilisha ni kazi nyingine yenye usumbufu wake. Katika hedifoni ambazo kebo huingia pande zote mbili, utahitaji kebo inayoweza kugawanywa mara mbili bila kuacha nyaya wazi.

Kebo ya nyaya tatu inatosha ili sauti itoke: mmoja wa kushoto, mmoja wa kulia, na mmoja wa kurudi unaotumiwa na pande zote mbili. Hata hivyo mimi humshauri kila anayeanza upya anunue ya nyaya nne, na sababu ipo katika huo waya wa kurudi. Pande mbili zinapotumia waya mmoja wa kurudi huwa kama nyumba mbili zinazomwaga maji machafu kwenye bomba moja jembamba, ambapo maji ya nyumba moja huweza kupanda kwenye sinki la nyingine. Kiasi cha sauti kinachovuja kutoka upande mmoja kwenda wa pili kinakaribiana na ukinzani wa waya wa kurudi ukigawanywa kwa ukinzani wa spika. Chukua waya wa mita 3 wenye unene wa AWG 28 (AWG ni kipimo cha unene wa waya), ambao ukinzani wake ni takriban omu 0.64. Kwa spika ya omu 63, uvujaji ni karibu sehemu moja kwa mia, yaani desibeli 40 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) chini ya sauti halisi, na wasikilizaji wengi hawatautambua. Kwa spika ya omu 16, waya uleule huvujisha sehemu moja kwa ishirini na tano, kiasi cha desibeli 28 chini, na hapo utengano wa kushoto na kulia huanza kufifia kwa anayesikiliza kwa makini. Kwa hedifoni ya omu 300 kama Sennheiser HD 600, jambo hilo halina uzito wowote. Ukiwa na nyaya nne, kila upande hurudi kwa njia yake na pande hizo hukutana kwenye shina la pini tu, kwa hiyo uvujaji wa ndani ya kebo hutoweka. Faida nyingine ni kwamba siku utakapotaka kutumia amplifaya yenye pini ya milimita 4.4 inayotenganisha njia zote nne, utabadilisha pini tu bila kugusa kebo.

Unene wa waya huandikwa kwa namba za AWG, ambamo namba kubwa humaanisha waya mwembamba zaidi, au kwa milimita za mraba. Waya wa shaba wa AWG 24 una eneo la milimita za mraba 0.205 na ukinzani wa omu 0.084 kwa mita. Wa AWG 26 una milimita za mraba 0.129 na omu 0.134, wa AWG 28 una 0.081 na omu 0.213, na wa AWG 30 una 0.051 na omu 0.339. Ili kujua sauti itapungua kiasi gani, zidisha ukinzani wa mita moja kwa urefu wa kebo, kisha zidisha mara mbili kwa sababu umeme huenda na kurudi, halafu linganisha na ukinzani wa spika. Kwa MDR-7506 na kebo ya mita 3 ya AWG 28, jibu ni omu 1.28, na sauti hupungua kwa chini ya desibeli 0.2, kiasi ambacho mkono wako husahihisha bila kujua unapogusa kitufe cha sauti. Hata AWG 30 ingepunguza chini ya desibeli 0.3. Kwa spika ya omu 16 na urefu huohuo, AWG 28 hupunguza karibu desibeli 0.7, na hapo inafaa kupanda hadi AWG 26 au kufupisha kebo. Kwa kazi karibu zote za nyumbani AWG 26 na AWG 28 zinatosheleza. Anayekuuzia waya mnene wa AWG 22 kwa ahadi ya besi nzito anakuuzia uzito utakaoning'inia sikioni mwako.

Kuhusu kapasitansi, yaani uwezo wa kebo kuhifadhi chaji ya umeme, unaopimwa kwa pikofaradi na ambao baadhi ya wauzaji huutaja kwa hofu, hesabu ni fupi. Kebo ya mita 2 yenye pikofaradi 150 kwa mita, iliyounganishwa na chanzo chenye ukinzani mkubwa wa hata omu 300, huanza kupunguza sauti kwenye masafa yanayozidi megahezi 1.5, ilhali sikio la binadamu huishia kilohezi 20.

Madini ya waya yanastahili umakini zaidi, kwa sababu hapa ndipo udanganyifu ulipo. Fedha hupitisha umeme vizuri kuliko shaba kwa takriban asilimia 6 tu, tofauti ambayo unaifidia kwa waya wa shaba ulionenepa kidogo sana; sioni sababu ya mtu anayetengeneza hedifoni yake kulipia fedha. Hatari ya kweli ni waya wa aluminiamu uliopakwa shaba juu, ambao huuzwa sana katika kebo za bei ya chini na kwa macho hautofautiani na shaba halisi. Ukinzani wake huzidi wa shaba kwa zaidi ya nusu, lakini kwa hedifoni hilo si kosa lake kuu. Kosa kuu ni kwamba hukatika upesi ukikunjwa mara kwa mara, na ganda la shaba likikwaruzwa au kuliwa na lehemu, aluminiamu iliyo chini haishikani na lehemu ya kawaida, kwa hiyo kiungo kinachong'aa leo huachia baada ya miezi.

Upimaji wake ni rahisi. Nunua kwanza kipande kifupi, au mwombe muuzaji akukatie kabla hujachukua mita zote, iwe uko Kariakoo jijini Dar es Salaam au Luthuli Avenue jijini Nairobi. Toa ganda na ukwangue nyuzi kwa wembe. Shaba halisi hubaki nyekundu hadi ndani, na aluminiamu hutokeza weupe chini ya wekundu. Usichanganye hali hiyo na shaba iliyopakwa bati, ambayo ni kinyume chake: nyeupe nje na nyekundu ndani, na hiyo ni kebo nzuri inayokubali lehemu upesi na isiyopata kutu kirahisi. Ukibaki na shaka, shika uzi mmoja kwa koleo mbali na nguo na vitu vinavyoshika moto, kisha uuweke kwenye mwali wa kiberiti cha gesi. Uzi wa shaba huwaka wekundu ukabaki na umbo lake, na wa aluminiamu hulegea na kudondoka. Sumaku nayo itakuonyesha kama kuna chuma ndani. Ukiwa na roli ya mita 10, pima ukinzani wa waya mmoja mwanzo hadi mwisho baada ya kutoa ukinzani wa mishale ya multimita yenyewe: AWG 26 ya shaba itasoma karibu omu 1.3, na ya aluminiamu iliyopakwa itakaribia omu 2.

Baada ya madini, hesabu nyuzi. Waya wenye uzi mmoja mnene, kama ule wa kebo za intaneti zinazofungwa ukutani, usitumike kwenye hedifoni kwa vyovyote, hata kama ni shaba safi, kwa kuwa utakatika baada ya kukunjwa mara chache. Kwa unene uleule, waya wenye nyuzi nyingi nyembamba hupinda kwa urahisi na hudumu kuliko wenye nyuzi chache nene. Kebo za asili za hedifoni huenda mbali zaidi katika jambo hili: nyingi zina nyuzi zilizopakwa varnishi yenye rangi, nyekundu, kijani, buluu au ya shaba, na varnishi hiyo ndiyo inayozitenganisha badala ya ganda la plastiki. Nyingine zina utepe mwembamba wa shaba uliosokotwa juu ya uzi wa nguo. Zote mbili ni laini ajabu, na zote mbili humsumbua anayeanza. Varnishi lazima iunguzwe kwa tone la lehemu kwenye ncha ya pasi yenye joto la karibu nyuzi 380 hadi 400 za Selsiasi, ndani ya hewa inayopita, hadi waya ushike lehemu kuzunguka kote. Utepe wa shaba huungua na kuvunjika kabla hujamaliza. Kwa kazi ya kwanza chagua nyaya zenye ganda la plastiki kila mmoja.

Ganda la nje huamua kama utaipenda hedifoni yako baada ya kuitengeneza. Plastiki ya kawaida ya PVC ni ya bei nafuu, lakini zile duni hukakamaa au kunata baada ya miaka kwa sababu viungo vinavyoilainisha hutoka polepole, na jasho na mafuta ya ngozi huharakisha hali hiyo. Mpira wa silikoni ni laini zaidi na hustahimili joto la pasi, ila hukwama kwenye nguo na hukatwa kirahisi na kitu chenye ncha kali. Ganda la kusokotwa kwa nguo hupendeza na halijifungi mafundo, lakini kwenye hedifoni zinazoziba masikio linaweza kupitisha kila msuguano na shati hadi sikioni, kelele inayoudhi hasa katika vipande tulivu vya muziki au unaposikiliza sauti ya mtangazaji. Jaribu hapohapo dukani: kunja kebo iwe duara lenye upana wa sarafu kisha uiachie. Ikibaki imekunjika au ikirudi kwa nguvu kama chemchemi, iache. Inayolegea na kulala mezani ndiyo unayoitafuta. Epuka pia ganda linaloonyesha shaba kwa ndani iwapo shaba hiyo haikupakwa kitu, kwa kuwa inaweza kugeuka kijani baada ya muda.

Kipenyo cha nje lazima kipimwe kabla ya malipo, na hili ndilo linalowakwamisha wengi waliokwisha kununua kebo bora. Pima tundu la kikombe na tundu la mfuniko wa pini utakayotumia, kisha utafute kebo inayopita bila kulazimishwa na bila kucheza. Kebo nyingi za asili za hedifoni zina milimita 2.5 hadi 4. Kebo za maikrofoni za nyaya nne, kama Mogami W2893 na Canare L-4E5C, zinasifiwa kwa haki kwa ubora wa shaba na ulaini wake, lakini kila moja ina kipenyo cha milimita 4.8, hivyo kwa vikombe vingi utalazimika kupanua tundu, na pini nyingi ndogo za milimita 3.5 hazitaipokea. Ukizitumia, fahamu mambo mawili. Nyaya zake nne kwa kawaida huwa na rangi mbili tu, kila rangi nyaya mbili, kwa hiyo utahitaji multimita kutambua ncha hii inaishia wapi, na kuzitia alama kabla ya kulehemu. Kisha kuna wavu wa shaba unaozunguka nyaya, ambao hedifoni haiuhitaji kwa kuwa mawimbi yake ni makubwa na ukinzani wake ni mdogo. Uunganishe na shina upande wa pini tu, au uukate pande zote mbili na kuufunika ili usiguse kitu.

Asiyetaka kununua kebo mpya anaweza kuangalia alivyo navyo. Kebo ya USB ya zamani, ile ya kupitisha data na si ya kuchajia pekee, ina nyaya nne zenye rangi tofauti, nyekundu, nyeusi, nyeupe na kijani, na nyaya zake za data mara nyingi ni AWG 28. Nimeiona ikifanya kazi vizuri kabisa mradi ganda lake ni laini. Kebo ya hedifoni nyingine iliyokufa spika ni bora zaidi, kwa kuwa ilitengenezwa kwa kazi hiyohiyo, ila uipime kwa kuikunja kama ulivyopima ile ya kwanza.

Urefu uamuliwe na matumizi. Kwa simu au kompyuta ya mapajani mita 1.2 hadi 1.5 zinatosha, na kwa meza ya studio mita 2 hadi 3. Ongeza sentimita 15 za kukata na kukosea. Kebo ya kujisokota, kama ile ya asili ya MDR-7506, ina faida kwa anayesimama na kukaa mara nyingi, lakini huvuta hedifoni kwa uzito wake. Kwa anayekaa mahali pamoja kebo iliyonyooka ni nyepesi na humpa nafasi ya kuchagua aina nyingi zaidi.

Ukihitaji maikrofoni kwenye kebo, hesabu waya mmoja wa ziada, pamoja na wavu wa kuukinga, kwa sababu mawimbi ya maikrofoni ni madogo na hushika kelele. Pini ya sehemu nne ya simu nyingi za sasa hupangwa hivi kutoka nchani: kushoto, kulia, njia ya kurudi, kisha maikrofoni kwenye shina. Baadhi ya simu za zamani zilibadilishana nafasi mbili za mwisho, kwa hiyo pima hedifoni nyingine inayofanya kazi kwenye simu yako kabla ya kuamua.

Kebo ikishapatikana, pitisha mfuniko wa pini na mpira wa shingo kwenye kebo kabla ya kulehemu chochote. Ndani ya kikombe, funga fundo moja au kibano cha plastiki ili mvuto wowote uishie hapo na usifike kwenye viungo. Paka lehemu kwenye waya pekee yake kwanza, kisha uguse kiungo cha spika kwa sekunde mbili au tatu tu, kwa kuwa plastiki inayoshikilia kiungo hicho huyeyuka, na uzi wa koili unaoanzia hapo ni mwembamba kuliko unywele. Fuata picha uliyopiga ili chanya na hasi zisibadilishane upande mmoja. Zikibadilishana, sauti itatoka pande zote, lakini besi itapungua na sauti ya katikati itaonekana kutawanyika. Kabla ya kufunga kikombe, pima tena kutoka ncha hadi shina na kutoka pete hadi shina, kunja kebo kwenye pini na kwenye shingo huku ukitazama namba, na kama haitikisiki, rudisha skrubu.